Tule Naye Sahani Moja

Ndugu zetu, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Siku zile dawa hazikuwepo. Leo zipo, tena hutolewa bure. Lakini vidonge tu havitoshi.

Mgonjwa akitengewa sahani yake, huona aibu. Akiona aibu, huficha vidonge, mwisho huviacha. Akiviacha, virusi huongezeka. Basi tule naye. UKIMWI hauambukizwi kwa chakula wala kwa kushikana mikono. Tukimsafisha kidonda, hapo tuvae glovu.

Mzee aogeshwe na mtu anayemridhia mwenyewe. Akitaka sala, aombewe. Akitaka mizizi ya mganga, kwanza amwulize muuguzi. Dawa za hospitali asiache hata siku moja. Na siri yake tuitunze.

Haya, jirani yetu mgonjwa tulimtembelea lini?