Ridhaa ya Mgonjwa Kabla ya Kupasuliwa Moyo



Tumeombwa tuzungumzie haki za mgonjwa, nasi tumeona afadhali tuzungumzie karatasi moja tu: ile anayoletewa mgonjwa wa moyo, mara nyingine usiku wa kuamkia upasuaji, ili atie sahihi au dole gumba.

Wengi wa wagonjwa wa valvu za moyo hapa kwetu Tanzania ni vijana. Koo liliwauma utotoni, halikutibiwa, ikafuata homa ya maungo, na baada ya miaka valvu zikaharibika. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, wengi hawalazimiki tena kupelekwa India. Twashukuru kwa hilo.

Lakini valvu za bandia ni za aina mbili. Ile ya madini hudumu miaka mingi, ila mwenye kuwekewa hana budi kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa ikizidi, atavuja damu. Ikipungua, donge la damu laweza kuziba valvu au kumpoozesha. Ile ya pili hutengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe (na mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa ni ya mnyama gani). Kwa kawaida haidai warfarini daima, lakini kwa kijana huchakaa mapema, na kifua hufunguliwa tena.

Sasa mfikirieni binti wa miaka 20, aliyekwisha kuchumbiwa, akaaye mbali na maabara. Warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi 3 ya kwanza; kuiacha pasipo usimamizi wa daktari kwaweza kumwua mama. Akiyajua haya baada ya harusi, tutasema aliridhia nini? Akiyajua mapema, huenda akachagua valvu ile ile ya madini, lakini shauri litakuwa lake. Tumepata kuona baba mdogo akijibu kila swali la daktari, naye mgonjwa kainama kimya.

Wala tusidhani kwamba hili ni tatizo la wasiosoma. Mwaka 2007 utafiti wa wagonjwa 2,287, Marekani na Canada, ulionyesha kuwa kwa wenye maumivu ya kifua yaliyotulia, kuzibua mishipa kwa stenti hakukupunguza vifo wala mshtuko wa moyo kuliko dawa peke yake. Mwaka 2010, katika utafiti mwingine wa Marekani, asilimia 88 ya wagonjwa walioridhia kuzibuliwa mishipa bado waliamini kuwa kungewakinga na mshtuko huo.

Basi twaomba maelezo yatolewe kwa Kiswahili, siku kadhaa kabla, na mgonjwa aulizwe ameelewa nini, ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Aonane, ikiwezekana, na mtu aliyekwisha kuwekewa valvu. Na asiporidhia, aendelee kutibiwa kwa dawa, pasipo kununiwa wodini.