Mgeni wa Kampeni Huondoka, Jirani Hubaki

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi kwa wakaazi wa mpakani, Nile Magharibi, Uganda



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya uchaguzi mdogo wa mbunge. Huenda mtu akauliza kwa nini jambo la siasa linaletwa na askari. Nami najibu kwamba sikuja kuwaambia mchague nani. Hilo si langu, na askari atakayewaambia hivyo mripotini. Nimekuja kuzungumzia usalama wenu kabla ya kura, siku ya kura, na hasa baada ya kura.

Mbunge wa Uganda huchaguliwa kwa muda wa miaka 5. Hata hivyo, kiti chake chaweza kubaki wazi kabla ya muda huo kwisha: akifariki dunia, akijiuzulu kwa barua kwa Spika, akikosa vikao 15 bila ruhusa wala sababu ya kuridhisha, akikihama chama kilichompeleka Bungeni, au Mahakama ikiubatilisha ushindi wake. Hapo Katiba humtaka Karani wa Bunge aijulishe Tume ya Uchaguzi kwa maandishi ndani ya siku 10, na imeweka siku 60 za kumpata mbunge mpya. Ikiwa imesalia chini ya miezi 6 kabla ya uchaguzi mkuu wa Bunge, uchaguzi mdogo haufanywi. Kwa hiyo kiti kilicho wazi si mali ya chama kilichokishika jana, wala si urithi wa familia ya marehemu. Kimerudi mikononi mwa wapiga kura wa jimbo lile, nao peke yao.

Jina lake ni uchaguzi mdogo, lakini joto lake si dogo. Katika uchaguzi mkuu viongozi wa vyama, waandishi wa habari na askari hutawanyika nchi nzima. Katika uchaguzi mdogo wote hao humiminika katika jimbo moja. Mji ambao juzi ulilala saa 3 usiku hukesha kwa vipaza sauti. Vijana wasiojulikana huonekana vichochoroni wakigawa fulana na maneno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kampeni hashiki jembe la mtu. Matokeo yakitangazwa, yeye hupanda gari akaenda zake. Anayebaki ni wewe na jirani yako, na kisima chenu ni kile kile.

Sisi wa Nile Magharibi hatuhitaji kuhadithiwa jambo hili. Mwezi wa Juni 2018, mbunge wa Manispaa ya Arua, Mheshimiwa Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi pamoja na mlinzi wake katika Wilaya ya Wakiso. Uchaguzi wa kumpata mrithi wake uliwekwa tarehe 15 Agosti. Tarehe 13 Agosti, siku ya mwisho ya kampeni, ghasia zilizuka mjini Arua. Gari la msafara wa Rais lilipigwa mawe, na dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi akauawa kwa risasi akiwa ndani ya gari. Watu wengi walikamatwa, miongoni mwao wabunge na mgombea Kassiano Wadri. Siku mbili baadaye wananchi walipiga kura, na Bwana Wadri akatangazwa mshindi akiwa bado kizuizini.

Sikuyataja haya ili nifukue makaburi. Nimeyataja kwa sababu sisi askari hatuwezi kuizungumzia siku ile kana kwamba ilitupita kando. Mtu aliyetoka nyumbani asubuhi hakurudi. Uchaguzi uliokusudiwa kuziba pengo lililoachwa na kifo ulileta kifo kingine. Nasi twapaswa kukumbuka kwamba wananchi walijibu kwa kupanga foleni na kupiga kura. Hilo ndilo jibu ninalowaomba mlitunze.

Sasa nije kwenye jambo letu la mpakani. Walugbara wako Uganda na wako Kongo. Wakakwa wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mpaka ulichorwa na watu waliokuwa mbali, ukapita katikati ya mashamba na katikati ya koo. Hatuwezi kumzuia mtu kumzika shangazi yake upande wa pili, wala kuuza mihogo yake Ariwara. Lakini undugu una mahali pake, na kura ina mahali pake. Mwenye haki ya kumchagua mbunge ni raia wa Uganda aliyetimiza miaka 18 na ambaye jina lake limo katika daftari la wapiga kura la jimbo hilo. Binamu yako anayeletwa alfajiri kwa njia za panya, akapewa kitambulisho cha mtu mwingine, hakusaidii wewe. Ananyang'anya sauti ya mama yako aliyejipanga kwenye foleni kwa haki. Akikamatwa, mkubwa aliyemlipia nauli hatamjua. Atakayetafuta dhamana ni ninyi. Na ndugu zetu wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi wana taabu za kutosha. Yeyote asiwatumie kama kura za kukodi, na yeyote asiwatupie lawama za mambo wasiyoyatenda.

Niwasimulie kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika kituo kingine, mama mmoja wa makamo alikuja kaunta siku ya kura, amejifunga kitenge chake kizuri. Alisema, "Mwanangu, nisaidie, kitambulisho changu kimechukuliwa." Wiki iliyotangulia kijana mmoja alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akikusanya vitambulisho vya taifa, akisema anaandika majina ya watakaopewa mtaji wa biashara. Yule mama alitoa chake, akapewa kipande cha sabuni. Tulimtafuta kijana yule mpaka jioni. Tulipovipata vitambulisho katika mfuko wa plastiki, vituo vilikuwa vimefungwa. Mama alikitazama kitambulisho chake, akanishukuru, akaondoka. Shukrani ile ilinichoma kuliko matusi. Kwa hiyo nawasihi: kitambulisho chako usimpe mtu wa kampeni, wala usikiweke rehani kwa mkopeshaji. Kikichukuliwa, njoo siku ile ile.

Lipo na jambo la rushwa. Sheria humshika anayetoa na humshika anayepokea. Isitoshe, mgombea aliyeshindwa anaweza kufungua kesi Mahakama Kuu ndani ya siku 30 baada ya matokeo kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Ikithibitika kwamba mshindi alihonga, au alihongesha huku akijua, ushindi hubatilishwa na kiti huwa wazi tena. Hapo ninyi mtarudi kwenye vipaza sauti vile vile, huku barabara yenu na zahanati yenu zikikosa msemaji Bungeni.

Siku ya kura, upigaji kura huanza saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Ukiwa kwenye foleni saa hiyo ya kufunga, usiondoke; una haki ya kupiga kura. Kura ni ya siri: mume asimwamrishe mke, wala mzee wa ukoo asidai kuonyeshwa karatasi. Kura huhesabiwa pale pale kituoni, hadharani, mbele ya mawakala wa wagombea, nao hutia saini fomu ya matokeo. Wakala asitie saini fomu tupu, na asiondoke bila nakala yake. Nakala ile ina nguvu mahakamani kuliko mawe mia.

Na sisi polisi je? Katiba imetupa kazi ya kulinda maisha na mali, na kudumisha amani. Haikutupa kazi ya kuhesabu kura, wala ya kumtangaza mshindi. Askari aliyepangwa kituoni yupo ili mama mjamzito na kijana wa chama chochote wapige kura bila hofu. Mkimwona askari anapiga watu wasio na kosa, au anabeba makaratasi ya mgombea, chukueni namba iliyo kifuani mwake na mlete malalamiko. Tunacho kitengo cha kuwasikiliza wananchi dhidi ya askari wetu. Mkiogopa kuja peke yenu, njooni na mwenyekiti wenu au kiongozi wa dini. Siwezi kuwaomba mtuamini ikiwa hatukubali kulaumiwa.

Wazee wangu, ndugu zangu, kiti cha Bunge kitapata wa kukikalia, hakijawahi kukosa. Uhai wa kijana mmoja haupati wa kuujaza. Usiku wa matokeo, aliyeshinda ashangilie nyumbani kwake, asiende kucheza ngoma mlangoni kwa aliyeshindwa. Aliyeshindwa na aende mahakamani kwa karatasi, asiende barabarani kwa matairi. Asubuhi yake soko litafunguliwa, na yule uliyebishana naye ndiye atakayekuuzia chumvi.