Moyo wa Mtoto Kabla Hajazaliwa

Uchungu unapokaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma hubanwa, na mtoto hupungukiwa oksijeni kwa muda mfupi. Wengi tungedhani moyo wake huenda mbio. La. Oksijeni ikipungua ghafla, mapigo hupungua, na damu huelekezwa kwanza kwenye ubongo na moyo wenyewe. Ni kinga, lakini haidumu. Hali ikiendelea, moyo nao huchoka.

Mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, tena yenye kupandapanda na kushuka. Moyo unaopiga sawasawa mno, kama saa ya ukutani, unaweza kuwa dalili mbaya.

Shirika la Afya Duniani linashauri mapigo yasikilizwe kila dakika 15 hadi 30 uchungu unapokolea, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Haya, mwambie hivyo mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, na fetoskopu yake ya kusikilizia mapigo, wodi imejaa! Tanzania, katika hospitali za Muhimbili na Haydom, kimejaribiwa kifaa kiitwacho Moyo, kinachofungwa tumboni na kutoa ishara mapigo yanapoharibika. Vizuri. Ila ishara ikilia saa nane usiku, nani atafungua chumba cha upasuaji?