POMBE NYUMBANI: TUULIZE MAPEMA, TUULIZE KWA UPENDO

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kitengela na Kajiado)

 

Leo hatukuja kuhubiri juu ya pombe. Mahubiri mmeyasikia mengi. Tumekuja na swali moja: kwa nini tunangoja mpaka mtu auze ng'ombe wa mwisho ndipo tumwulize, "Ndugu, unakunywa kiasi gani?"

Zamani katika boma za Wamaasai pombe ya asali ilikuwa ya wazee na ya sherehe. Morani hakunywa. Lakini ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kuanzia 1988, ploti zikauzwa, mji ukakua. Siku hizi mtu hushika pesa nyingi kwa siku moja, za ploti au za mshahara, na mlango wa baa uko karibu kuliko mlango wa benki.

Na shida hii si yetu peke yetu. Uchunguzi wa NACADA wa 2022 ulionyesha kwamba Wakenya wapatao milioni 4.7 wa umri wa miaka 15 hadi 65, yaani mtu 1 kati ya 6, walikuwa wakitumia pombe, tumbaku, miraa, bangi au kileo kingine. Wanywaji wa pombe walikuwa milioni 3.2.

Je, kuuliza kunasaidia? Ndiyo, na imepimwa. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi nane, Kenya ikiwemo, na matokeo yakatolewa 1996. Watu waliokunywa sana, lakini ambao pombe haikuwa imewafunga bado, waliulizwa maswali kisha wakashauriwa na wahudumu wa afya. Wanaume walioshauriwa kwa dakika tano tu walipunguza kunywa, sawa na walioshauriwa kwa dakika ishirini. Wanawake walipunguza hata wale walioulizwa tu bila ushauri. Dakika tano, wapendwa! Hata chai haijachemka.

Tena kule Eldoret, watu 75 wenye virusi vya Ukimwi waliokuwa wakinywa walishiriki utafiti uliotolewa 2011. Baadhi yao walikutana kikundini mara sita, kwa Kiswahili, wakiongozwa na washauri ambao si madaktari. Miezi mitatu baadaye, karibu 7 kati ya 10 wa vikundi hivyo walisema hawanywi. Wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 4 kati ya 10. Kwa hivyo kikundi ni dawa, na nyinyi tayari mna vikundi.

Basi tuulize namna gani?

Kwanza, tuulize mtu akiwa hajalewa, tena faraghani. Si mbele ya watoto, wala mbele ya mkutano.

Pili, tuulize maswali mepesi: Unakunywa mara ngapi kwa wiki? Ukikaa, unakunywa glasi ngapi? Ni mara ngapi unafika sita au zaidi? Haya ndiyo maswali ambayo muuguzi huanza nayo pia.

Tatu, tusikilize. Tukianza na "wewe mlevi", mazungumzo yamekwisha.

Lakini hapa tafadhali shikeni sana. Yule ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka anywe, huyo asiachishwe ghafla nyumbani. Wala asifungiwe chumbani ati tumsaidie. Anaweza kupata kifafa, akachanganyikiwa, hata akafa. Huyo apelekwe hospitalini aachishwe akiangaliwa. Simu ya NACADA ya 1192 haina malipo, na mtu anaweza kupiga kuuliza msaada.

Sasa tuseme lile ambalo huwa hatulisemi. Katika kikundi kimoja mama mmoja alisimama akatuambia: "Nyinyi mnasema pombe ni mbaya. Mimi nikiacha kupika chang'aa, karo italipwa na nani?" Tulinyamaza. Jibu la haraka hatukuwa nalo, na kumfukuza hakungelipa karo.

Hata hivyo ukweli ni kwamba chang'aa ya kupikwa nyumbani bila leseni hairuhusiwi na sheria ya 2010. Na mpishi hajui muuzaji ataongeza nini njiani. Novemba 2000, huko Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni spiriti ya viwandani. Pesa ya karo haifai kutoka katika macho ya mtoto wa jirani.

Mwishowe kikundi chenyewe ndicho kilichojibu. Wanachama walikubali mama yule apewe zamu ya kwanza ya merigoraundi, aanze kuuza maziwa. Si rahisi, faida ya maziwa ni ndogo. Lakini hakuachwa peke yake.

Kwa hivyo, wapendwa, kabla ya mkutano ujao zungumzeni haya:

1. Ni nani kati yetu anayehitaji kuulizwa, na nani anaaminika kumwuliza?
2. Ni nani anayeishi kwa kuuza pombe, na tutamsaidiaje kutoka?
3. Na sisi wenyewe, tukiulizwa maswali yale matatu, tutajibu kweli?