Akili Inapochelewa

Kama waya wa shaba unavyovishwa plastiki, neva zetu nyingi zimefunikwa na utando wa mafuta, mayelini. Katika ugonjwa wa sklerosisi nyingi (multiple sclerosis), kinga ya mwili huushambulia utando huo, na habari husafiri polepole ubongoni. Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu Paris mwaka 1868, aliona pia kumbukumbu dhaifu na fikra za polepole.

Dalili hizo huweza kuja mapema, miguu ikiwa bado imara: mama muuza unga anachelewa kuhesabu chenji, anasahau alichokuwa akisema. Jamani wa Kambove, msimwite mvivu, wala msiseme amerogwa! Chanzo kinaweza pia kuwa kingine: upungufu wa vitamini B12 nao huharibu mayelini, na hutibika ukigunduliwa mapema. Mpelekeni kwa daktari mjini Likasi, mkaeleze mabadiliko yalianza lini.