Bunduki na Hesabu ya Bata Bukini: Mafunzo ya Alaska na Svalbard

Katikati ya miaka ya 1960, bata bukini wadogo wanaotaga magharibi mwa Alaska walikaribia 400,000. Kufikia 1984 walibaki kama 26,000. Mbweha walikuwa wakila mayai na makinda yao, kama walivyofanya siku zote. Kilichowazidia ndege hawa ni kuwindwa katika ncha zote mbili za safari yao ya kila mwaka.

Ncha ya kaskazini ni delta ya mito Yukon na Kuskokwim, nchi ya wenyeji wa asili waitwao Wayup'ik. Huko, baridi inapolegea na akiba ya chakula imekwisha, bata bukini ndio nyama mbichi ya kwanza inayoingia nyumbani. Wayup'ik waliokota mayai, na wakati wa kiangazi, ndege wanapopukutisha manyoya ya mbawa na kushindwa kuruka, waliwaswaga kwa makundi. Ncha ya kusini ni mabonde ya California, ambako wawindaji wa starehe waliwangoja kwa bunduki za marisau. Kila upande ulimnyoshea mwenzake kidole.

Sheria nayo ilikuwa imeongeza ugumu. Mkataba wa ndege wahamao wa mwaka 1916, kati ya Marekani na Uingereza iliyosimama kwa niaba ya Canada, ulifunga uwindaji kuanzia Machi hadi Septemba. Kwa mtu wa California hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa ndege huwa wameshaondoka. Kwa Wayup'ik, hiyo ndiyo karibu miezi yote ambayo ndege wapo. Jamii nzima iligeuzwa wavunja sheria kwa kula kilicholiwa na babu zao, na makala hii inaona kwamba sheria ya namna hiyo haiwezi kumlinda ndege, kwa sababu anayeishi naye jirani hana sababu ya kuiheshimu.

Januari 1984 pande hizo zilifikia makubaliano, yakapewa jina la kijiji cha Hooper Bay kilichoko ndani ya delta. Wayup'ik walikubali kuacha mayai ya ndege hao na kutowawinda, na California ikafunga msimu wake. Hadi mwisho wa miaka ya 1990 bata bukini hao walikuwa wamepita 150,000. Wengi walihamishia makazi yao ya baridi Oregon, ambako wakulima walianza kulalamika kuhusu nyasi na nafaka zinazoliwa. Mkataba wa 1916 wenyewe ulirekebishwa baadaye, na uwindaji wa kujikimu wa majira ya machipuko ukatambuliwa kisheria.

Kwa nini bunduki iliwaumiza kiasi hicho? Jibu liko katika maisha ya ndege mwenyewe. Bata bukini hana haraka. Huanza kuzaa akiwa na miaka miwili au mitatu, hutaga mayai machache mara moja tu kwa mwaka, na dume na jike hudumu pamoja kwa miaka mingi. Makinda husafiri na wazazi wao katika safari ya kwanza, wakijifunza njia na mahali pa kutua. Anayemuua ndege aliyekomaa huacha mjane anayeweza kukosa msimu wa kuzaa, na watoto wasio na kiongozi. Katika idadi ya ndege wa aina hii, uhai wa wazazi una uzito zaidi kuliko wingi wa mayai.

Tena hesabu ya waliouawa haitoshi. Nchini Denmark, watafiti waliwapiga eksirei bata bukini wa miguu ya waridi, wanaozaliana visiwa vya Svalbard na kupita Norway wakielekea kusini. Mapema miaka ya 1990, zaidi ya theluthi moja ya ndege waliokomaa walikuwa na chembe za marisau mwilini. Walipigwa, wakaponea, wakaendelea kuruka na vyuma ndani ya misuli. Utafiti ulionyesha kwamba ndege wenye chembe hizo hawadumu kama wenzao wasio nazo. Mwaka 1997 ilianzishwa kampeni ya kuwafundisha wawindaji kutofyatua kutoka mbali, na baada ya miaka michache kiwango cha majeruhi kilishuka karibu nusu. Mafanikio hayo hayakuhitaji kufunga msimu hata siku moja.

Ndege hao hao wa Svalbard waliongezeka mno, wakafika kama 80,000. Mwaka 2012 nchi wanamopita zilikubaliana, chini ya mkataba wa ndege wa majini wahamao ujulikanao kama AEWA, kulenga idadi ya 60,000, na kurekebisha uwindaji kila mwaka baada ya kuhesabu. Kenya, Uganda na Tanzania nazo ni wanachama wa mkataba huo.

Lakini bunduki ina kikomo. Pwani ya Hudson Bay nchini Canada, bata bukini weupe walishiba nafaka za mashamba ya Marekani wakati wa baridi, wakaongezeka hadi mamilioni, wakang'oa mizizi ya mimea ya tundra mpaka ikabaki ardhi tupu yenye chumvi. Mwaka 1999 vizuizi vya kuwawinda vililegezwa kuliko wakati wowote, hata katika majira ya machipuko. Kwa miaka mingi iliyofuata waliendelea kuongezeka, kwani wawindaji hawakutosha. Huko Québec, kwa ndugu zao wakubwa zaidi, yalitokea mengine: milio ya bunduki iliwafukuza malishoni, wakafika kaskazini wakiwa na mafuta machache, na wengi wakashindwa kutaga. Ndege ambaye hakuguswa na risasi hata moja alipoteza watoto wa mwaka mzima.

Tukirudi Alaska, huko kuna pia bata bukini mfalme, mwenye kichwa cheupe na mwili wa kijivu. Kutoka zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1960, hesabu ya mwaka 1986 ilipata kama 42,000, na uwindaji wake ukafungwa. Ulifunguliwa tena 2017, baada ya miaka 30 ya kungoja. Mwindaji wa msimu wa vuli alipewa kibali cha ndege mmoja tu, kwa sharti kwamba hesabu ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, msimu ungefungwa tena.