Diski Mbili za Hesabu Moja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Sherehe ya Mwaka wa Kumi)



Sisi tulio katika chumba cha hesabu tumetakiwa tuwaeleze habari ya fedha iliyotumika kununua diski mbili za seva. Twashukuru kupewa nafasi hii, maana wengi mmeuliza, na mna haki ya kuuliza. Fedha ni yenu.

Kila kilo ya kahawa ipimwayo katika mizani yetu huandikwa katika seva, yaani ile kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine zote za ofisi. Humo mna jina la mkulima, uzito wa kahawa yake, malipo ya kwanza aliyokwisha kupokea, na deni lake la pembejeo. Malipo ya pili, ambayo ndiyo yalipayo karo za watoto, hutolewa kwa kuifuata hesabu hiyo. Nayo ilikuwa imekaa katika diski moja. Sahani za diski ya namna ile huzunguka mchana na usiku, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, wala hapana fundi awezaye kuitaja siku zitakapokoma. Nakala ya jioni tulikuwa nayo. Lakini diski ikifa saa nane mchana, yote yaliyopimwa tangu asubuhi hupotea, na mkulima hubaki na kipande chake cha stakabadhi mkononi akibishana na karani.

Dawa yake si ngeni kwenu. Ni ile karatasi ya kaboni ya mizani: karani huandika mara moja, na karatasi mbili hupata maneno yale yale. Diski pacha hufanya vivyo hivyo. Kampuni ya Tandem ya Marekani iliuza mashine zenye diski za jinsi hii tangu miaka ya 1970, na mabenki yalikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, walipoandika juu ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu, mpango huu wa pacha waliupa daraja la kwanza, na hata leo huitwa RAID 1. (Msidhani ni daraja la kahawa, maana kuna madaraja mengine, na kila moja lina kazi yake.) Ndiyo sababu tumenunua diski mbili za terabaiti 2 na tukapata nafasi ya terabaiti 2 tu. Ile ya pili haikupotea, bali inashika kaboni.

Taabu ilikuwa kwamba msimu ulikwisha kuanza, na seva haikuweza kuzimwa. Kwa bahati seva yetu ina nafasi zinazopokea diski huku mashine inakwenda. Si kila seva inazo, na chama cha msingi kitakacho kutuiga hakina budi kulitazama hilo kwanza. Baada ya kuzichomeka tulizitambua kwa namba zilizobandikwa ubavuni mwake, wala si kwa majina ya sdb na sdc ambayo mashine huzipa, kwa kuwa majina hayo huweza kubadilika mashine iwashwapo upya. Amri iliyo sahihi, ikitolewa juu ya diski isiyo yake, yaweza kufuta msimu mzima.

Kisha, kwa programu ya mdadm katika Linux, tuliziamuru ziwe kitu kimoja. Diski ya terabaiti 2, ikilinganishwa na mwenziwe kwa megabaiti 150 kila sekunde, hutaka muda wa saa 3 na dakika 42. Kwa hiyo tulianza baada ya mizani kufungwa. Hesabu tulizihamisha mara mbili. Mara ya kwanza makarani walikuwa kazini. Mara ya pili, usiku, tulisimamisha programu ya hesabu kwa dakika chache, tukachukua yaliyobadilika. Daftari linaloandikwa halinakiliki vema, kwani juu ya ukurasa mtapata habari za jana na chini za leo. Mwisho tuliuandika mpango wote katika faili la mashine, kusudi ikiwashwa upya iziunganishe diski kwa jina lile lile, isije ikazuka na jina la md127 ambalo programu zetu hazilijui.

Hatukuridhika mpaka tulipoitenga diski moja kwa amri, mchana, huku makarani wakiandika. Kazi haikusimama. Tukairudisha.

Sasa tuna neno kwa Halmashauri. Diski moja ikifa, kazi huendelea kimya, na hiyo ndiyo hatari yake: ofisi yaweza kukaa miezi ikitembea kwa mguu mmoja bila kujua. Mashine huonyesha herufi mbili, [UU], zote zikiwa hai. Moja ikifa huonyesha [U_]. Twaomba karani mmoja apewe kazi ya kutazama herufi hizo kila asubuhi na kutia sahihi daftarini.

Tena tumesikia shauri kwamba, maadamu pacha ipo, gharama ya nakala ya jioni ifutwe. Hatukubaliani nalo hata kidogo. Kaboni hunakili kosa kama inakilivyo haki: karani akifuta jina la mkulima, limefutika kote kuwili kwa wakati ule ule. Wala moto, radi na mwizi havichagui diski. Nakala ya jioni iendelee, na ilale nje ya jengo hili.

Ombi la mwisho ni diski ya tatu, ikae kabatini. Hizi mbili tulizinunua katika maduka mawili, tukiepuka za toleo moja, kwani zilizotengenezwa pamoja huweza kufa kwa kufuatana. Moja ikifa leo, mwenziwe itabaki peke yake mpaka nyingine ipatikane mjini, na baada ya hapo kwa saa nyingine 3 na dakika 42.